Pini Kwenye Mguu Mzuri

Mama Mkasi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Miaka ishirini na sita alikuwa amewakatia suti wanaume wenye matumbo ya kila aina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha koti. Kwa hiyo madaktari walipomwambia ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huzigeukia neva na kuzichuna ganda lake, aliuliza swali moja tu: "Nitaendelea kusimama kwenye meza yangu au la?"

Mwaka wa nne huu, bado alikuwa anasimama. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito, tena mkaidi, na kiuno kilichoubeba kilimuuma mpaka akang'ata meno. Ndipo akaenda kwa tabibu wa mgongo. Kijana huyo wa mikono mikubwa alimweleza siku ya kwanza bila kumung'unya maneno: "Mama, huu ugonjwa mimi siutibu. Huo una daktari wako wa neva na sindano zake. Mimi nakipunguzia kiuno mzigo." Hakumvunja mtu shingo, alikandamiza taratibu, akanyoosha, akamfundisha kusimama upya. Baada ya miezi mitatu maumivu yalipungua kweli. Mama Mkasi akaanza kuimba kazini, jambo ambalo mafundi wenzake hawakulifurahia sana, maana sauti hakujaliwa.

Alhamisi hii aliingia kifua mbele. Mdogo wake, aliyemsindikiza kila wiki, alibaki kwenye benchi la nje.

"Kuna jipya tangu wiki iliyopita?" tabibu akauliza. Hakumgusa mgonjwa yeyote kabla ya kuuliza hivyo.

"Jipya gani? Mimi mzima kama kigongo."

Tabibu alikuwa anaiangalia suruali ya Mama Mkasi, juu kidogo ya goti la kulia. Fundi mwenye haraka huchomeka pini popote: kwenye kola, kwenye mkono wa blauzi, kwenye paja la suruali. Kichwa cheupe cha pini kilikuwa pale, kimezungukwa na doa dogo jekundu.

"Mama, hiyo pini iko kwenye nguo au kwenye nyama?"

Akainama, akaivuta. Ilitoka na damu hadi nusu ya urefu wake, naye hakuhisi kitu. Na huo ndio uliokuwa mguu mzuri.

"Ganzi hii imeanza lini?"

"Siku nne, tano hivi. Ganzi tu! Nyoosha mgongo, itaondoka."

"Leo sinyooshi kitu."

"Nimekuja kunyooshwa, sikuja kuhojiwa."

"Na sindano, mama? Unajidunga?"

Mama Mkasi akatazama ukuta. Uongo alikuwa nao tayari mdomoni, lakini miguu miwili mibovu haifichiki kirahisi kama mmoja.

"Nimeziacha. Wiki ya saba hii," akasema. "Kila nikijidunga nakumbuka kwamba naumwa. Nikitoka hapa kwako, nasahau. Wewe ungekuwa mimi ungechagua lipi?"

Kijana akaketi. Maneno yale yalimwingia, na hakujisumbua kuficha. "Mimi nilidhani nakusaidia usimame," akasema polepole. "Kumbe nilikuwa nakusaidia uanguke."

Hofu ikamshika Mama Mkasi, hofu ya kweli, ya kwanza tangu siku ile ya madaktari. Tabibu alikuwa ameshapiga simu kwa daktari wa neva na kuanza kueleza. Mama Mkasi akamnyooshea mkono.

"Lete hapa. Makosa yangu nayasema mwenyewe."

Akayasema yote: sindano, ganzi, siku, pini. Daktari akamwambia aje hospitali sasa hivi.

Nje, mdogo wake alisimama, akashangaa. "Dada, mbona mapema? Mgongo umeshanyooshwa?"

"Nishike mkono," akasema Mama Mkasi, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiusukuma mkono huohuo kando. "Tunakwenda hospitali, na kuna jambo nimekuficha. Nitakwambia njiani, nawe usinikatize mpaka nimalize."

Mdogo wake akamshika. Hakumkatiza hata mara moja, ingawa machozi yalimtoka tangu sentensi ya pili.