Jagi la Maji la Bwana Nazario

Simu ya Faida ilikuwa na ufa katikati ya kioo, lakini hata ufa haukumzuia Hidaya kuijua picha ile. Lilikuwa soko la Muyinga, na kwenye kona ya kushoto mwanamke ameinamia kapu la dagaa, kajifunga leso nyekundu. Mwanamke yule alikuwa shangazi yake. Picha aliichora baba yake, Mzee Sudi, miaka kumi iliyopita, na wekundu wa leso ile aliusaga Hidaya kwa mkono wake.

Faida alikuwa Mkongomani wa Uvira, muuza vitenge, wiki hii Gitega wiki ijayo Muyinga. Alikuwa amekimbilia ukumbi wa hoteli moja pale Gitega kukwepa mvua, akakuta picha zimetundikwa na watu wenye suti wanazizunguka.

"Dada Hidaya, hii si ya baba yako?" aliuliza. "Mi niliona shangazi yako, nikashtuka. Lakini iko na jina ya mutu mwingine huku chini."

Hidaya aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka jina likajaa kioo. Nazario, kwa rangi nyekundu, na mkia mrefu chini yake kama saini ya mkubwa wa ofisi. Hidaya hakulia. Aliirudisha simu kwa adabu zote, akasema asante.

Alimjua Nazario. Mwanzoni mwa mwaka alifika Muyinga akijiita mtafutaji wa wachoraji wa sasa, wale wa rangi ya mafuta, waliojificha mikoani na dunia haijawaona. Alishinda siku nzima kwenye karakana ya Mzee Sudi, akala pilau akarudia, akawa anamwita mzee "maître", yaani bwana fundi, kila baada ya tonge. Mzee Sudi alikuwa mchora vibao: bucha, kinyozi, duka la dawa, milango ya malori yanayokwenda Tanzania. Vibao ndivyo vilivyolisha nyumba. Picha alizichora siku za mvua, wakati hakuna kibao kinachokauka. Mwaka juzi mikono ilianza kumtetemeka, akaweka brashi chini, na tangu hapo vibao vinaandikwa na Hidaya. Kwa hiyo picha kumi na moja zilizoegemea ukuta wa karakana zilikuwa karibu kazi yote ya mkono wake iliyobaki. Nazario alizipakia garini, akaahidi kwamba Gitega nzima italijua jina la mzee.

Siku ile ile alishuhudia desturi ya karakana. Kibao kikikamilika, mteja hupewa jagi la maji akimwagie mwenyewe, aone kwamba mvua haitaila kazi yake. Mwenye bucha alimwaga, maji yakateleza, herufi zikabaki zinang'aa. Nazario alipiga makofi. Sasa Faida alikuwa anasimulia kwamba huko hotelini yule bwana anamwagia picha maji mbele za wageni, na anasema desturi hiyo kaibuni yeye. Hata jagi ameliiba, Hidaya aliwaza.

Na kosa lilikuwa la mzee mwenyewe, kosa la mchora vibao. Hakuwahi kutia jina lake kwenye kazi. Kibao ni cha mwenye duka, alikuwa akisema, na jina linaloandikwa ni la mwenye duka. Mtu anayetafuta nyama anataka jina la fundi la nini? Mazoea hayo aliyahamishia kwenye picha. Pembe zote za chini zilikuwa tupu, zinamngoja mwizi.

Hidaya alipompigia simu, Nazario hakupandisha sauti hata kidogo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole wa kuudhi.

"Bon, sawa, dada. We nionyeshe kwa hizo picha pahali iko jina ya Sudi. Ukinionyesha jina, mi nitanyamaza."

Haya, Hidaya alisema moyoni. Nitakuonyesha.

Hidaya hakumwambia baba yake. Mzee alikuwa akiuliza kila Ijumaa akitoka msikitini kama kuna habari za Gitega, na kila Ijumaa Hidaya alimjibu kwamba mambo yanakwenda. Mwingine angekimbilia kwa wakubwa wa mtaa, akakalishwa kwenye benchi mpaka hasira zimpoe. Hidaya hakutaka zipoe. Aliingia chumbani kwa baba yake, akaitungua picha ya kumi na mbili, ile ambayo mzee hakukubali kumpa mtu: mama yake Hidaya, Aisha, kaketi kizingitini anachambua maharage, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ilichorwa kwenye ubao wa tripleksi, pana kama meza ya kulia. Alimwambia baba yake kwamba fremu imeingiwa na mchwa, anaipeleka ikatengenezwe.

Kwanza aliandika jina. Chini kabisa, kwa zile herufi nene zenye kivuli cha njano zilizomfanya mzee ajulikane mpaka Gasorwe: SUDI WA MUYINGA. Akangoja wiki tatu, mafuta yakakauka. Kisha akaisugua picha yote kwa kitunguu saumu ili rangi ya maji ipate kushika juu ya mafuta, akachemsha gundi ya seremala, akakoroga na chokaa na rangi za unga, akaanza kumfunika mama yake. Juu yake alichora soko la Gasorwe siku ya mvua, miavuli, baiskeli, mikungu ya ndizi. Mkono wa baba yake aliujua kuliko wake mwenyewe. Macho ya mama aliyaacha mwisho, na alipoyafikia alikaa chini muda mrefu na brashi mkononi. Akayafunika. Alimalizia kwa ute wa yai, ukang'aa kama mafuta hasa, na mgongoni mwa ubao akapaka mafuta ya kitani, pua ya Nazario ipate harufu iliyoizoea.

Akapiga simu tena, safari hii sauti asali tupu. Aliomba radhi kwa maneno ya siku ile, akasema mzee hana haja na majina, na kwamba nyumbani imebaki moja, kubwa kuliko zote. Nazario alifika kabla wiki haijaisha, mzee akiwa msikitini. Hata chai hakuimaliza, akaipakia picha garini.

Hidaya alikuwa na hofu moja tu, kwamba atatokea mtu wa kumshauri aipake vanishi, maji yasipate pa kuingilia. Lakini vanishi hupakwa na mchoraji, na Nazario alikuwa mchoraji wa jina lake tu.

Siku ya maonyesho mapya Hidaya na Faida waliingia ukumbini mapema, wakasimama nyuma. Walikuwapo watu wa ofisi, walimu, watu wa mashirika, na mwanamke mmoja wa redio na kinasa sauti chake. Soko la Gasorwe lilitundikwa katikati, na jina la Nazario jekundu kwenye pembe, mkia wake mrefu kuliko zamani. Nazario alizungumza juu ya utoto wake kati ya masoko, akachukua jagi, akaiendea picha ndogo ya pembeni.

"Na ile kubwa, bwana Nazario?" Hidaya aliuliza. "Ile mpya haioshwi?"

Watu waligeuka. Nazario alipomtambua, uso ulimsawijika. Alidhani amekuja kudai jina hadharani. Alipoona maji tu ndiyo anayotaka, alishusha pumzi, akacheka, na kwa furaha ya kuponea chupuchupu akaimwagia picha jagi zima.

Maji hayakuteleza. Yaliingia, rangi ikavimba, miavuli ikalegea, ndizi zikaanza kuteremka. Jina la Nazario lilishuka polepole likiwa zima, mkia mbele, likapita juu ya fremu na kumwangukia viatuni. Nyuma yake kilitokea kipaji cha uso wa mwanamke, kisha macho, kisha maharage kwenye ungo. Mwisho zilitokea herufi, na mwanamke wa redio akazisoma kwa sauti. Akauliza huyo Sudi ni nani.

"Ni baba yangu," Hidaya alisema. "Uliniambia nikuonyeshe jina, bwana Nazario. Hili hapa."

Nazario alipata kauli haraka, hilo lazima akubaliwe. Alisema huyu binti ni mwenye wivu, kaichezea picha moja, lakini zile kumi na moja ni zake, na kila mtu anaona jina. Hidaya alikuwa anayangoja maneno hayo hayo. Alitoa mkobani chupa ya tapentaini na kitambaa cheupe, akaeleza kwamba rangi ya mafuta ya miaka kumi imekwisha kuwa jiwe, lakini ya mwaka huu ingali laini. Kisha, ili pasiwe na wa kusema ni uchawi, kitambaa alimpa yule mwanamke wa redio.

Mwanamke yule alisugua leso ya shangazi. Kitambaa kikabaki cheupe. Akasugua jina. Kitambaa kikawa chekundu, na pembe ya picha ikabaki tupu kama Mzee Sudi alivyoiacha. Akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Wageni wakaanza kuombana zamu. Hidaya alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Alitaka kila jina lichukue muda wake, na kila mara alimtazama Nazario, si picha.

Nazario alimsogelea, akanong'ona. "Dada, inatosha."

"Bado ziko tano," Hidaya alisema.

Nazario hakuthubutu kuzizuia, na kesho yake picha zote kumi na mbili zilifika Muyinga kwenye lori la vitenge vya Faida. Hidaya alimsimulia baba yake kila kitu, tangu simu ya Faida mpaka viatu vya Nazario, akingoja acheke. Mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama Aisha. Chokaa ilikuwa imesalia sikioni na chini ya macho.

Aliuliza mama alifunikwa siku ngapi. Hidaya akasema arobaini na mbili. Mzee aliomba kitambaa chenye maji, akamfuta mkewe sikio, akamfuta chini ya macho, mkono ukimtetemeka. Kisha akainamia herufi.

"Hizi si herufi zangu," alisema.

"Ndiyo, baba. Niliandika mimi."

"Kumbe hata we uliandika jina kwa picha yenye hukuchora."

Hidaya alirudi nyuma hatua moja, uso umemwaka aibu.

Mzee alitaka ile chupa ya tapentaini. Akazifuta zile herufi nzuri, moja baada ya nyingine, nazo zikatoka kwa sababu zilikuwa za mwaka huu. Kisha akataka brashi, ambayo hakuishika kwa miaka miwili. Rangi ilimdondokea gotini, ikadondoka kwenye maharage ya Aisha, akafuta, akaanza upya. Herufi nne zilimchukua tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, nazo zilikuwa zimepinda, kila moja imeangalia upande wake. Hidaya hakuthubutu kunyoosha hata moja. Alimpa baba yake kile kitambaa chenye wekundu wa Nazario afutie brashi.

Mzee alikipokea, akafutia brashi bila kukitazama.

"Lete picha ingine," alisema.