Dakika Tano za Baba

Fundi alipopanda ngazi ili airudishe nyuma saa ya stesheni, nilimjia juu mpaka akashuka.

“Mama, saa hii inatangulia dakika tano,” akajitetea. “Stesheni inafanywa makumbusho. Wageni watatucheka.”

“Na wacheke! Aliyeitanguliza ni marehemu baba yangu, mkuu wa stesheni hii kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwajua watu wa mji huu, wakianza kuagana hawamalizi. Alinieleza mimi tu, siku aliyostaafu. Tangu aisogeze, hakuna aliyeachwa na treni.”

“Lakini treni yenyewe haiji tena.”

Nilimwonyesha ng'ambo ya barabara. Saa yetu ilikuwa imefika saa mbili kamili. Mwalimu aliitupia jicho, akagonga kengele ya shule. Muuza mikate akafungua dirisha. Kinyozi akatoa kiti chake nje.

Fundi akatazama saa yake ya mkononi: saa mbili kasoro dakika tano. Mji mzima ulikuwa kazini, yeye peke yake amechelewa.

Akabeba ngazi yake. Alipofika mlangoni, akidhani simwoni, akaisogeza saa yake mbele dakika tano.