Oili ya Majirani

Asubuhi Warsini alifunua turubai la pikipiki, akakung'uta maji ya mvua, akakuta chupa nyingine ya oili imening'inizwa kwenye usukani. Mpya, haijafunguliwa. Aliyeileta hakubisha hodi.

Pikipiki ililala nje kwa sababu ndani palitosha kitanda na jiko tu. Ilinyeshewa msimu mzima, na kila siku ilibeba chupa za Warsini za dawa ya manjano na ukwaju mpaka soko la Kotagede. Cheni ya maisha hayo hushika kutu ukigeuka tu. Kwa hiyo jioni Warsini aliisugua kwa brashi na mafuta ya taa, akaifuta, akaidondoshea oili huku anazungusha gurudumu kwa mkono, kisha akafuta iliyozidi isije ikanasa mchanga. Alifundishwa na mumewe, Ngadiman, kabla hajafa.

Ngadiman aliteleza kwenye mawe ya kichochoro akavunjika shingo. Ndivyo walivyosema majirani. Watu wa kichochoro kile hawajawahi kukubaliana hata siku ya kuzibua mtaro, ila hili walilisema wote kwa maneno yaleyale. Halafu hizo oili. Bu Tukinem, mama ambaye akikuazima chumvi anahesabu punje, alileta oili. Pak Kuncoro, balozi wa mtaa, alileta oili na kitambaa juu.

"Hawa wananipendea nini?" Warsini alijiuliza. Hakupata sababu, akaacha kupaka. Aliisafisha cheni kwa mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaiacha hivyohivyo. Mvua ikanyesha.

Kesho yake alasiri alirudi kutoka sokoni. Mdomoni mwa kichochoro kuna kibao: SHUKA, ZIMA INJINI, SUKUMA. Kila mtu hutii, hata bwana harusi. Ngadiman peke yake ndiye aliyekuwa akipita amekaa, injini inanguruma, anasema pikipiki ya kusukuma ni toroli. Warsini alishuka, akazima, akasukuma. Cheni ikalia kwii, ikakohoa, ikaanza kuongea kwa sauti ya Ngadiman.

"Kona hiyo polepole, Sini."

"Naiona," alisema Warsini.

Mbele ya mlango wa balozi cheni ilisema, "Kuncoro alishika ncha ya huku." Mbele ya gereji ikasema, "Pardi fundi alifunga ncha ya kule." Kwa Bu Tukinem ikasema, "Na kamba ilikuwa ya huyu, ya kuanikia nguo. Walitaka nishuke tu, Sini. Ikanikuta shingoni."

Bu Tukinem alitoka na ungo wa mchele mkononi. "Ya kamba ni kweli," alisema. "Na mpaka leo hakuna aliyenirudishia."

"Mlijua kwamba anaongea?"

"Wewe Mbak nawe, dada wee! Baada ya arobaini, Pardi alipomaliza kuitengeneza, aliisukuma kukurudishia, ikatutaja nyumba kwa nyumba. Ikabidi aigeuze akaipake oili kwanza. Ulidhani tunakupenda?"

Pak Kuncoro naye akatoka, amefunga msuli, anajipepea kwa kofia yake. "Mbak Warsini, cheni kavu ni hatari. Itakukatikia barabarani."

"Pak, mmeua mtu."

"Tulikuwa tunasimamia utaratibu. Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Tulikubaliana kamba ije kifuani."

"Na ilikuwa kifuani!" Pardi alijibu toka gereji, hata hakuinua kichwa. "Mlinisimamisha mimi mkapima. Kifua cha aliyesimama ni shingo ya aliyekaa."

"Hapa kwetu nani anapita amekaa?" alisema balozi, na wengine wakaitikia kwamba kweli, hapa hakuna anayepita amekaa.

Warsini aliisukuma pikipiki mpaka kituo cha polisi. Askari aliisikiliza cheni hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamwomba shahidi kitambulisho. Cheni ikasema kilizikwa naye. Askari akasema basi, pole sana.

Baada ya hapo kila alasiri ilikuwa vilevile. Warsini anasukuma, cheni inataja, majirani wanafunga madirisha. Walizoea. Bu Tukinem alianza kupanga muda wa kupika wali kwa kutajwa kwake. Ila sauti ilikuwa inakwaruza zaidi kila siku, na meno ya gea yalianza kuliwa.

Jioni moja mvua ilipokatika, Warsini alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma.

"Mas, mume wangu, nifanye nini nao?"

"Nipake oili, Sini."

"Nikikupaka utanyamaza."

"Najua. Lakini ikikauka inaniuma. Kila pingili."

"Sina oili ila hii ya kwao."

"Ni nzuri. Kuncoro ana mambo yake, ila hanunui oili feki."

Warsini aliiweka pikipiki kwenye stendi ya kati. Akapiga brashi taratibu, maana sasa alijua anachosugua. Akafuta. Akafungua chupa, akaanza kudondosha, pingili baada ya pingili, mkono mwingine unazungusha gurudumu. Ngadiman alikuwa anamwambia tairi la mbele limepungua upepo, na asimpe Pardi alijaze, kwa sababu Pardi huwa anazidi... Gurudumu likamaliza mzunguko. Pakabaki mlio wa matone yanayodondoka kwenye bati.

Kisha akafuta oili iliyozidi.

Asubuhi alifunga chupa zake za dawa, akasukuma pikipiki kuelekea barabarani. Haikutoa sauti yoyote. Madirisha yalikuwa wazi, na watu walimsalimia kwa jina. Pak Kuncoro alimtakia biashara njema.

Mbele zaidi Bu Tukinem alikuwa anaanika mashuka kwenye kamba iliyokatiza kichochoro, toka ukuta wake mpaka nguzo ya gereji. Alipomwona Warsini alichukua mti, akaisukumia kamba juu, juu kabisa, ili apite bila shida.

"Pita, Mbak," alisema. "Hapo haikugusi."

Warsini aliinamisha shingo hata hivyo, akapita.