Vidonge vya Straton

Huku Masisi anayekukaribisha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, huionja kwanza mwenyewe ndipo akupe. Ni adabu, na ni usalama pia, maana sumu kwetu ina sifa kuliko malaria. Mzee afe na miaka yake tisini, bado atatafutwa aliyempikia.

Ndivyo Straton wa kijiji cha Muheto alivyoponzwa. Mama mkwe wake, Emérita, aliumwa mgongo baada ya kuvuna viazi, na Straton akamletea vidonge vya tramadoli, dawa ya maumivu. Mama akameza jioni, akakoroma sana, asubuhi hakuamka. Mbele ya waliokuja kuzika, Damien, mtoto mkubwa wa marehemu, akamtaka mkwe aonje. Straton akameza vidonge vya pakiti ile ile, watu wakamkodolea macho mpaka jua likazama, asife. Mahali penye akili kesi ingeishia hapo.

"Alishakunywa dawa ya kujikinga," Damien akasema. "Murozi haiko nakufa na sumu yake."

Wakamfukuza kama mtia sumu. Akapotelea Itebero, ndani ya misitu ya Walikale. Mkewe Verdiane, dada yake Damien, akabaki nyumbani bila kusema neno.

Neno hakuwa nalo, na usingizi pia hakuwa nao. Alimtamani mumewe kwa kujificha, kama mtu mwenye njaa kwenye msiba. Alitamani sauti yake ikimwita kutoka ng'ambo ya mlima, na ubishi wao wa kila siku kuhusu chumvi ya maharage. Ungemwona shambani ungesema ameshasahau, nawe ungekuwa umedanganyika.

Vita vilipowarudia, alikimbia juu ya lori la magunia. Lori likapinduka kwenye kona, uti wa mgongo ukavunjika. Hospitali moja ya Goma ikampasua kuondoa vipande vya mfupa, ikapanga kumpasua tena ili kumwekea vyuma. Baada ya operesheni ile ya kwanza alipewa tramadoli, kipimo cha kawaida. Wenzake wa wodini wakaendelea kulalamika maumivu. Verdiane akaanza kukoroma, pumzi ikapungua, midomo ikabadilika rangi. Wauguzi waliwahi kumrudisha kwa oksijeni na sindano.

"Sitakupasua tena mbele ya kujua ni dawa gani mwili yako inaweza," akasema Régine, daktari aliyempasua. Akachukua mate yake kwenye kichupa, akayatuma yapimwe urithi wake kwenye maabara ya Ulaya alikokuwa na wenzake wa utafiti.

Majibu yalipofika, Damien alikuwepo, amemletea dada yake chakula.

"Mama Verdiane," daktari akasema, "ile dawa, mwili njo inaigeuza ikuwe kali. Kwa watu wengi inaigeuza polepole. Ya kwako inaigeuza mbio-mbio, njo pumzi inazimika. Ulizaliwa nayo, iko mu jamaa. Tutakupa morfini kidogo-kidogo, yenyewe haingojee kugeuzwa. Kwenu kuna muntu alishapatwa hivi?"

"Mama yangu," Verdiane akajibu.

Damien akaweka sahani chini.

"Muntu alishazikwa, siwezi kuapa," daktari akasema. "Lakini inafanana sana."

"Na muntu mwingine akimeza ile ile, anaweza kosa kusikia kitu?" Damien akauliza.

"Karibu wote."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha Emérita kilikuwa ndani zaidi, damuni. Verdiane akalia kwa sauti, kwa furaha na kwa hasira, hata hakujua ipi ilitangulia.

Damien, tumpe haki yake, alimtafuta mwenyewe Omer, mfanyabiashara wa Butembo ambaye magari yake bado yalipenya mpaka Walikale. Akampa ujumbe: Straton arudi, shamba lake lipo, atachinjiwa mbuzi wa kuombwa msamaha. Huku nyuma Verdiane akapasuliwa mara ya pili, akapewa dawa iliyochaguliwa kwa mwili wake, maumivu yakavumilika. Mlango wa wodi ukifunguliwa, aligeuza kichwa kutazama.

Omer alirudi peke yake.

"Nilimufikia, dada. Alisikiliza yote, akauliza kitu moja tu: 'Dokta amejua, Damien amejua. Verdiane yeye, ile siku niko nameza, alikuwa anaona nini?' Njo akasema Muheto hatarudia. Iko na nyumba kule Itebero, anaikala peke yake."

Verdiane alijua vizuri alichokuwa anaona siku ile: mume wake, basi. Hakuwahi kumwona mrozi hata dakika moja. Aliogopa kaka zake tu. Maneno ya kumtumia yalikuwa mengi, na yote yalikuwa yamechelewa. Daktari alipopita, akamshika mkono.

"Dokta, huu mugongo utaweza kupanda pikipiki lini?"

"Kwenda wapi?"

"Itebero."

"Ile barabara? Na hii vita?"

"Sijauliza barabara," Verdiane akasema. "Nimeuliza mugongo."