Balbu ya Breki

Saa mbili asubuhi, fundi aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini ya pikapu na kuegemeza mpini wake sikioni. Wenzake gerejini walimcheka kwa mtindo huo wa kidaktari, lakini hakuna aliyekuwa na sikio kama lake. Vali zilipiga kelele za uzee tu. Pampu ya maji ilikuwa salama. Aliposogeza bisibisi chini, upande wa miguu ya dereva, akamsikia dereva wa zamani akigonga.

Dereva huyo alizikwa miezi minne nyuma, baada ya breki kumkatalia kwenye mteremko wa machimbo akiwa amebeba kokoto. Pikapu ilinyooshwa bodi, ikapakwa rangi, ikarudi kazini.

Fundi alimsalimia. Marehemu akaitikia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Nirudishie taa yangu."

Fundi aliijua. Mwaka uliopita taa nyekundu ya breki iliwaka kwenye dashibodi wiki mbili mfululizo. Mwenye gari, ambaye wote walimwita tajiri, alisema inawatia madereva woga, na pampu ya breki iliyokuwa ikivuja ingoje. Fundi akaichomoa balbu kwa vidole viwili, akaitia mfukoni. Jioni ile alisali kama kawaida, na habari ya balbu hakuitaja.

Sasa akageukia umeme. Kila siku ifikapo saa sita mchana betri ilikuwa imekwisha, na honi ililia yenyewe. Alifuata waya mmoja mmoja kwa taa ya kupimia, akakuta umeme wote unakimbilia kwenye lile tundu tupu. Akaweka balbu mpya. Ikawaka nyekundu. Honi ikanyamaza, betri ikatulia, na kugonga kukakoma.

Tajiri alipofika, aliuona ule wekundu kabla ya kingine chochote.

"Hiyo nini tena?"

"Breki, tajiri. Pampu bado inavuja. Nikiitoa taa, marehemu ataendelea kugonga."

Tajiri alifikiri kidogo. "Akigonga, gari linatembea?"

"Linatembea."

"Basi toa. Na honi, kata waya."

Dereva mpya alikuwa mdogo wake marehemu, mwenye siku tatu kazini na mke mjamzito. Fundi alichomoa balbu, akamwita kwenye boneti, akampa bisibisi. Kijana alisikiliza muda mrefu, akiitikia kwa kichwa taratibu jinsi mtu anavyomkubalia mkubwa wake.

"Anasema nisiendeshe."

"Basi usiendeshe, mdogo wangu."

"Kazi utanipa wewe?"

Fundi alitazama spana zake. Zilimlisha yeye na watoto wake, tena kwa shida. Akaanza kumwombea kimyakimya, akakosa hata neno la kwanza. Akachukua koleo, akakata waya wa honi.

Dereva alimuaga kaka yake, akarudisha bisibisi kwa mikono miwili, akapanda. Kokoto zilikuwa zinamngoja machimboni. Pikapu ikatoka getini, ikashika barabara.

Tajiri akamwambia fundi anawe mikono, aanze na lori lililoegeshwa nyuma ya stoo. Nalo, alisema, lina mtu anayegonga.