Simu ya Baba Frida

Nilifika kituo cha afya nikiwa nimekasirika. "Mbona mmeacha kumwandikia mume wangu?" nikamuuliza nesi, Joyness.

Mume wangu, Baba Frida, alifia hospitali huko Mbeya mwaka juzi. Mbeya walijua, lakini huku kwetu Kilolo kompyuta haikuwa na habari. Kila mwezi simu yake ililia: "Ndugu Aroni, kesho usikose kliniki ya sukari." Niliichaji kila siku ile simu. Ujumbe ukiingia nilimsomea kwa sauti, kama zamani, kisha nikapika uji wake usio na sukari. Niliunywa mwenyewe.

Mwezi huu simu ikanyamaza.

Joyness akatabasamu. "Mama, sasa mifumo imeunganishwa. Mbeya wakiandika, sisi huku tunaona hapo hapo. Utusamehe, tulikuwa tunakusumbua."

"Nani kakwambia mlikuwa mnanisumbua?"

Akainamisha macho. Nikamwekea ile simu mezani.

"Basi niandikishe mimi, kwa namba hiyo hiyo."

"Kwani mama una sukari?"

"Sina. Andika tu."