Mshono wa Mfuko wa Betri

Mume wangu ni kinyozi, mtu wa mikono mitulivu, lakini mpe kigari cha rimoti uone anavyorudi utotoni. Jumapili kigari chake kiligonga ukuta kwa kasi. Kesho yake mchana nikamkuta sebuleni ameishika betri yake ya lithiamu, anaigeuzageuza kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Ilikuwa imebonyea pembeni.

"Itupe," nikamwambia.

"Subiri kwanza. Haijavimba, haina joto. Nimezipima seli zote tatu kwa mita, zinalingana."

"Na hapo palipobonyea?"

"Huenda ni ganda tu. Huenda na ndani kumeumia." Alikuwa mkweli, hilo nampa. "Ndiyo maana nitaichaji polepole, kwenye saruji tupu, ndani ya mfuko, na mimi nimekaa hapa hapa. Ikipata joto, nachomoa."

"Kachajie uani."

"Na mvua hii?"

Sebule yetu ndiyo karakana yangu ya ushonaji, vitambaa hadi juu ya redio. Soketi nzima imebaki moja tu, iliyo kando ya mlango wa chumba cha baba yangu. Baba alivunjika nyonga, anatembea kwa mkongojo, kila hatua anaibembeleza. Chumba chake hakina mlango mwingine, na dirisha lina nondo. Kila betri ilipochajiwa pale nilikuwa naogopa. Nilishona huku jicho moja liko sakafuni, na nguo za watu zilipinda kwa sababu hiyo.

"Mke wangu, usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, akinionyesha mfuko usioshika moto. "Na ufa umezibwa na fundi."

Mfuko ule ulifumuka ubavuni wiki moja kabla, nikaushona mimi, mshono ulionyooka kuliko wa kiwandani. Nikacheka, nikamwacha aichomeke. Ukitaka kunipata, nisifie mshono.

Alikaa nayo nusu saa nzima, kila mara akiugusa mfuko kwa kiganja. Halafu mteja akamwita kutoka saluni, ng'ambo ya barabara. Alikuwa bwana harusi, na watu walikuwa wanamsubiri.

"Dakika tano," mume wangu akasema. "Iangalie. Ukiona inavimba, chomoa." Akatoka, yeye aliyeapa kwamba anayechaji haondoki.

Nikarudi kwenye cherehani. Nilimaliza mkono wa shati, nikachukua kiberiti cha gesi, nikachoma ncha ya uzi ili isifumuke, kama ninavyofanya mara hamsini kwa siku. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukawa kidonge cheusi. Nikabaki nakiangalia. Uzi huo huo ndio niliotumia kwenye mfuko. Nilishona mfuko wa kuzuia moto kwa uzi unaoyeyuka kwa moto, ncha zake nikazichoma kwa kiberiti hiki hiki, na akili yangu haikushtuka.

Nikageuka. Mfuko ulikuwa umeinuka. Kulikuwa na harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Nilichomoa waya, lakini mfuko ukaendelea kupanda, na moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye mshono wangu.

Nikakimbia. Sitaki kuzunguka mbuyu: nilikimbia nje. Nilikuwa tayari barazani, mkasi mkononi, sijui kwa nini, ndipo nikakumbuka kwamba baba yumo ndani. Maisha yangu yote sijawahi kumsahau baba, na siku ile nilimsahau kwa hatua sita.

Nikarudi. Nikaruka ule moshi, nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mkongojo mkononi, kandambili mguu mmoja. Hakuniuliza kuna nini. Nilimfunika pua na mdomo kwa shuka, nikamshika kiuno. Mlangoni mfuko ulikuwa unafoka, shubiri mbili kutoka mguu wake.

"Usiangalie chini, baba."

"Nisipoangalia nitaanguka, mwanangu," akasema, na akaendelea kuibembeleza kila hatua.

Tulipofika barazani mshono ukaachia. Ulifunguka wote, kutoka nilipoanzia hadi nilipomalizia, na moto ukatoka ubavu kwa ubavu, ukashika pazia la mlango wa baba. Mume wangu alivuka barabara mbio na ndoo ya mchanga, taulo la kunyolea bado shingoni, majirani nyuma yake. Waliuzima. Pazia liliisha, mlango ukaungua nusu, vitambaa vya watu viwili vikaharibika.

Nilimwambia mume wangu kuhusu uzi pale pale. Alishika kichwa, akasema kosa ni lake, aliondoka. Kisha akawageukia majirani. "Huyu mwanamke hakuwaza mara mbili. Aliingia kwa mzee moja kwa moja."

Nilitaka kumsahihisha. Ukuta wa chumba kile ni mwembamba, na baba humtambua kila mtu wa nyumba hii kwa kishindo cha nyayo zake. Nikamtazama. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anapangusa miwani kwa shuka.

"Ndiyo," akasema. "Alikuja moja kwa moja."

Jioni, tulipokuwa tunafagia mchanga, baba aliomba kitanda chake kihamishiwe sebuleni, karibu na mlango wa nje. Alisema kule ndani kunanuka moshi. Tukakihamisha.